WATU 12 WA JURI NA MZIGO WALIOPEWA

Wako ndugu zetu wakaao Uingereza, waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania, ambao siku moja hurudi kutoka kazini wakakuta mlangoni barua ya mahakama. Aifunguaye hushituka, akidhani ameshitakiwa. Lakini barua hiyo haimshitaki kwa neno lo lote, wala haimwiti kuwa shahidi. Yamwita kuhukumu. Jina lake limetokea kwa bahati katika daftari la wapiga kura, na yampasa afike siku fulani, saa fulani, akawe mmoja wa watu wa juri katika kesi za jinai. Wengine huwapigia simu wazee wao huku nyumbani na kuuliza, "Baba, ni jambo gani hili? Mimi si jaji, wala sikusoma sheria, nitamhukumuje mtu?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo nitakalolieleza hapa, ili chifu au mwalimu atakayeulizwa asikose la kusema.

Kwanza tujue ni nani awezaye kuitwa. Katika Uingereza na Wales mtu wa juri hana budi awe ametimiza miaka 18 na asiwe amezidi miaka 75. Awe ameandikwa katika daftari la wapiga kura. Tena awe amekaa katika nchi hiyo si chini ya miaka 5 tangu alipokuwa na umri wa miaka 13. Mtu wa nchi za Jumuiya ya Madola aliye na ruhusa ya kukaa huko aweza kuandikwa katika daftari hilo hata kama hakuchukua uraia wa Uingereza, na ndiyo sababu barua hizo huwafikia watu wetu. Elimu haiulizwi. Mali pia haiulizwi siku hizi, ingawa zamani iliulizwa sana, kwa maana mpaka miaka ya 1970 ilianza mtu asiyekuwa na nyumba ya thamani fulani hakuitwa. Wanawake nao hawakuruhusiwa mpaka sheria ya mwaka 1919 ilipowafungulia mlango. Leo dereva wa basi, mwuguzi, mwenye duka na mwalimu wa chuo kikuu hukaa benchi moja, na neno la mmoja halizidi neno la mwenziwe.

Kazi ya mahakama hiyo imegawanyika sehemu mbili, na asiyeufahamu mgawanyo huo hawezi kuifahamu juri. Jaji ndiye mwenye sheria. Yeye huamua ushahidi upi waweza kusikilizwa na upi hauwezi. Yeye hueleza maana ya kuua kwa kusudi, maana ya kuiba, maana ya kujitetea. Na mtu akionekana ana hatia, jaji ndiye apimaye adhabu. Lakini kama jambo lilitokea au halikutokea, kama shahidi huyu asema kweli au asema uongo, kama mtu aliye kizimbani ndiye au siye, hayo si ya jaji. Hayo ni ya watu 12 waliotoka majumbani mwao asubuhi ile. Wakisema "hana hatia," mtu huyo huenda zake, na jaji hana uwezo wa kumrudisha, hata kama moyoni mwake alikuwa na fikira nyingine.

Huku kwetu jambo lililo karibu na hilo ni lile la wazee wa baraza. Waingereza walipoleta sheria zao Afrika ya Mashariki hawakuwapa Waafrika juri. Waliwapa wazee wa baraza, waliokaa karibu na jaji katika kesi kubwa kama za mauaji, wakasikiliza mashahidi, na mwisho kila mmoja akatoa maoni yake. Desturi hiyo iliendelea miaka mingi baada ya uhuru. Lakini jaji hakufungwa na maoni hayo. Wazee wangeweza kusema wote kwamba mshitakiwa hana hatia, na jaji akamtia hatiani. Kenya iliwaondoa wazee hao kwa sheria ya mwaka 2007. Tanzania haikuwaondoa kabisa, ila tangu mwaka 2022 si lazima tena wawepo. Jaji huwaita akiona yafaa. Kabla ya hapo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilizifuta hukumu nyingi, kwa sababu jaji hakuwaeleza wazee mambo ya lazima kabla ya kuwauliza maoni yao, au kwa sababu wazee waliachwa kuwahoji mashahidi kana kwamba wao ni mawakili wa upande mmoja. Kesi iliyokwisha kusikilizwa ikaanza tena, na mshitakiwa akakaa rumande akingoja mashahidi waliokwisha kusahau nusu ya waliyoyaona.

Mimi nalikuwa karani mdogo katika mahakama moja zamani za wazee hao, na kazi yangu ilikuwa kupanga mafaili na kuwaonyesha wazee mahali pa kuketi. Namkumbuka mmoja, mwalimu aliyestaafu, ambaye alipoulizwa maoni yake katika kesi ya mauaji alisimama, akaivua miwani yake, akasema, "Bwana Jaji, nadhani mtu huyu ameua. Lakini kudhani ni kwangu, sikuonyeshwa. Basi maoni yangu ni kwamba hana hatia." Wako waliocheka kidogo nyuma ya chumba. Mimi naona mzee yule aliifahamu kazi ya juri kuliko watu wengi waliozaliwa katika nchi zenye juri, maana alitenga vitu viwili ambavyo moyo wa mtu hupenda kuvichanganya, yaani lile alidhanilo na lile aliloonyeshwa.

Yafaa tujue pia desturi hii ilitoka wapi, kwa maana haikushuka pamoja na mvua. Waingereza wa kale waliwahukumu watu kwa viapo vya moto na maji. Mtu alishikishwa chuma kilichowaka moto, mkono ukafungwa, na baada ya siku chache ukafunguliwa. Kidonda kikipona vema, hana hatia, kikioza, amepatikana. Au alitupwa majini akiwa amefungwa kamba. Wazee wetu waliosikia habari za mwavi na za shoka la moto hawatashangaa. Mapadre ndio waliovibariki vyombo vya viapo hivyo, na mwaka 1215 mkutano mkuu wa Kanisa uliofanyika Roma ukawakataza wasifanye hivyo tena. Basi viapo vikapoteza nguvu, na majaji wakabaki na washitakiwa gerezani wasiojua la kuwafanyia. Wakawageukia majirani, watu 12 wa mahali pale, wakawauliza, Ninyi mwasemaje? Hapo kwanza majirani hao waliitwa kwa kuwa waliijua habari yenyewe na kumjua mtu na tabia yake. Leo ni kinyume. Mtu wa juri amjuaye mshitakiwa au shahidi hana budi kusema mara moja, naye huondolewa, kwa kuwa yatakiwa aamue kwa yale tu aliyoyasikia mahakamani.

Siku ya kwanza huwa ndefu na yenye kuchosha. Walioitwa hungoja katika chumba kikubwa, wengine na vitabu, wengine na kazi za kufuma, na wako wanaongoja siku nzima wasiitwe. Kundi likipelekwa katika chumba cha kesi, karani huchukua kadi za majina, huzichanganya, kisha husoma 12. Kila mmoja huapa peke yake, kwa Biblia au kwa Korani au kwa kitabu cha dini yake, au huahidi kwa unyofu pasipo kutaja Mungu kama ndivyo apendavyo. Huapa kwamba ataisikiliza kesi kwa uaminifu na kutoa uamuzi wa kweli kwa kadiri ya ushahidi. Wakati huo mshitakiwa huwa amesimama akiwatazama usoni mmoja mmoja, na waliopata kufanya kazi hiyo husimulia kwamba hapo ndipo walipouhisi uzito wake. Mpaka dakika ile kesi ilikuwa karatasi. Sasa ni mtu mwenye koti lililopigwa pasi, na pengine mama yake yuko nyuma amekaa.

Mwendesha mashitaka hueleza kwanza, mashahidi wake huja, na wakili wa mshitakiwa huwahoji. Kisha upande wa pili huja, kama wapenda, kwa maana mshitakiwa halazimishwi kuleta shahidi hata mmoja. Hili huwasumbua watu wengi. Katika mabaraza yetu mtu anyamazaye huonekana amekubali. Lakini katika sheria hiyo, ambayo ndiyo iliyoletwa kwetu pia, mzigo wa kuthibitisha uko juu ya ashitakiye, tangu mwanzo hata mwisho.

Kanuni hiyo ilithibitishwa mwaka 1935 katika kesi ya kijana mmoja mfanyakazi wa shamba aliyeitwa Reginald Woolmington. Alikuwa na miaka 21. Mkewe alikuwa amerudi kwa mama yake, na mwezi wa Desemba 1934 Woolmington alimwendea na bunduki aliyokuwa ameificha chini ya koti. Alisema alitaka kumtisha tu kwamba atajiua mwenyewe asiporudi, na bunduki ikafyatuka bila kukusudia. Mkewe akafa. Juri ya kwanza, huko Taunton, haikuweza kupatana. Juri ya pili, huko Bristol, iliambiwa na jaji kwamba kwa kuwa imekwisha kuonekana mshitakiwa ndiye aliyemwua mkewe, basi ni juu yake kuthibitisha kwamba ilikuwa ajali. Wakamwona ana hatia, na akahukumiwa kunyongwa. Shauri likapanda mpaka Baraza la Malord, ambalo siku zile lilikuwa mahakama ya juu kabisa, na Lord Sankey akasema kwamba jaji amewaelekeza watu wa juri vibaya. Si kazi ya mshitakiwa kuthibitisha ajali. Ni kazi ya serikali kuthibitisha kusudi, na juri wakibaki na shaka yenye sababu, yawapasa kumwachilia. Woolmington akafunguliwa. Tangu hapo majaji wa Kenya, Uganda na Tanzania wameitaja kesi hiyo mara nyingi sana.

Wasomaji wengine watasema, "Je! huyo hakuua? Mbona ameachwa?" Nami nawajibu kwamba hakuna ajuaye isipokuwa yeye na Mungu wake, na ndiyo hoja yenyewe. Juri haiulizwi kama mtu ni mwema. Yaulizwa kama jambo limethibitishwa hata hapana shaka. Siku hizi majaji wa Uingereza hupenda maneno mepesi zaidi: huwaambia watu wa juri wawe na hakika, na wasipokuwa na hakika waseme hana hatia. Maneno ni mepesi, lakini jaribu kuwa na hakika ya jambo lililotukia usiku, mahali usipokuwapo, kwa vinywa vya watu usiowajua, na kijana wa miaka 21 akikungojea.

Sasa nataka kusema habari ya woga, kwa maana mtu aliyepewa uwezo wa kukataa neno la serikali huhitaji moyo. Mwezi wa Agosti 1670 William Penn na William Mead, watu wa madhehebu ya Marafiki (hao hao ambao wamisheni wao walifika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902), walikuta nyumba yao ya ibada imefungwa na askari, na Penn akahubiri barabarani katika Gracechurch Street, mjini London. Wakashitakiwa kwa kukusanya watu kinyume cha sheria na kufanya ghasia. Juri ilisikiliza, ikarudi na neno kwamba Penn ana hatia ya kusema katika Gracechurch Street, basi; hawakutaka kusema kwamba kulikuwa na ghasia. Wakubwa waliokaa kitini wakakasirika. Wakawafungia watu 12 chumbani usiku bila chakula, bila maji, bila moto, wakawaambia kwamba hawatatoka mpaka walete uamuzi utakaokubaliwa. Wakarudi na neno lile lile. Wakafungiwa tena. Mwisho wakasema kwamba Penn na Mead hawana hatia kabisa.

Kwa neno hilo kila mmoja wao alitozwa faini ya marki 40, na asiyelipa aende gerezani Newgate. Edward Bushell, mmoja wao, na wenziwe wengine hawakulipa. Walikaa gerezani wakaomba mahakama nyingine itazame kama kufungwa kwao ni halali, na Jaji Mkuu Sir John Vaughan akaamua kwamba mtu wa juri hawezi kuadhibiwa kwa sababu ya uamuzi wake. Sababu aliyoitoa ina akili sana: watu wawili waweza kusikia ushahidi ule ule na kufikiri tofauti, na jaji hawezi kumlazimisha mwingine aone kwa macho yake. Watu waingiao katika mahakama ya Old Bailey leo huona bamba la jiwe ukutani la kuwakumbuka watu hao 12. Penn baadaye alipewa nchi huko Amerika, ndiyo Pennsylvania. Bushell hakupewa nchi, lakini kila mtu wa juri aendaye nyumbani salama baada ya kusema "hana hatia" ana deni kwake.

Woga wa wakubwa ni adui mmoja. Yuko mwingine aliye mgumu kuonekana, kwa kuwa huja na uso wa rafiki, nao ni upendo wa watu wako mwenyewe. Hapo habari zatoka Kenya, kwa maana serikali ya kikoloni, iliyowanyima Waafrika juri, iliwapa Wazungu. Mzungu aliyeshitakiwa kosa kubwa alihukumiwa na juri ya Wazungu watupu, hata kama aliyekufa alikuwa Mwafrika.

Mwaka 1923, karibu na Molo, kijana mmoja aliyeitwa Kitosch, mtumishi katika shamba la mlowezi Jasper Abraham, alisemekana kumpanda farasi kinyume cha amri. Alipigwa sana, akafungwa kamba na kuwekwa ghalani, na usiku ule akafa. Kesi ilisikilizwa Nakuru. Wako madaktari waliosema mbele ya juri kwamba Kitosch alikufa kwa kuwa yeye mwenyewe alitaka kufa. Msomaji asidhani nimekosea kuandika, ndivyo ilivyosemwa. Watu wa juri, walowezi kama mshitakiwa, hawakumwona ana hatia ya kuua. Walimwona ana hatia ya kuumiza vibaya tu, akapewa kifungo cha miaka 2. Hapana mtu aliyewatisha watu hao wa juri. Hakuna aliyewafungia bila maji. Walijifungia wenyewe, kila mmoja akijiona kizimbani mahali pa mshitakiwa, na hakuna aliyejiona ghalani mahali pa Kitosch.

Lakini haki yataka niieleze na habari ya pili. Mwaka 1959, mjini Nairobi, Mzungu aliyeitwa Peter Poole alimpiga risasi Kamawe Musunge, Mwafrika aliyekuwa akipita na baiskeli, katika ugomvi juu ya mbwa. Juri ilikuwa ya Wazungu watupu kama ile ya Nakuru. Wengi, Waafrika kwa Wazungu, waliona wameshajua mwisho wake. Juri ikasema ana hatia ya kuua. Watu maelfu walitia sahihi zao kuomba asamehewe, Gavana hakukubali, na Poole alinyongwa tarehe 18 Agosti 1960. Kwangu mimi habari hizo mbili zasomeka pamoja. Sheria ilikuwa ile ile, rangi ya watu wa juri ilikuwa ile ile, kiapo kilikuwa kile kile. Wako watakaosema kwamba nyakati zilikuwa zimebadilika na uhuru ulikuwa karibu, na neno hilo lina nguvu yake. Hata hivyo walioketi katika chumba kile ilibidi waseme neno moja la kumwua mtu wa jamii yao, kisha warudi wakaishi katika mitaa ile ile.

Kwa ajili ya mambo kama ya Nakuru wako watu waionao juri kuwa kitu cha hatari katika nchi yenye makabila au rangi zilizogombana. Afrika Kusini iliifuta mwaka 1969. Kenya haikuendelea nayo baada ya ukoloni. Mimi siwalaumu. Juri huleta mahakamani moyo wa nchi kama ulivyo, na kama moyo huo una ugonjwa, ugonjwa nao huingia na kuketi katika viti 12.

Tuiache Kenya, turudi katika chumba cha shauri huko Uingereza. Mawakili wamekwisha kusema, jaji ameeleza sheria na kukumbusha ushahidi, na watu 12 wameongozwa katika chumba chao, mlango umefungwa, mtumishi wa mahakama ameapa kuulinda. Hakuna mwingine awezaye kuingia, hata jaji. Wakiwa na swali huliandika katika karatasi. Huchagua mmoja awe msemaji wao, lakini huyo si mkubwa wao. Wengine hupenda kupiga kura mara moja. Walio na busara husema, ngojeni kwanza, kila mtu aseme jinsi alivyosikia. Yatakiwa wapatane wote. Zikipita saa 2 au zaidi bila kupatana, jaji aweza kuwaruhusu waamue kwa watu 11 kwa 1 au 10 kwa 2. Ruhusa hiyo imekuwapo tangu mwaka 1967. Wasipofika hata hapo, juri huvunjwa, na kesi yaweza kusikilizwa upya mbele ya watu wengine.

Ndani ya chumba hicho hatari kubwa ni kwamba mtu ataleta kitu kutoka nje. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamuru kesi ya mauaji ya watu wawili isikilizwe upya, kwa sababu ilijulikana kwamba watu wanne wa juri, waliolazwa hotelini usiku, walikuwa wameweka bilauri na herufi mezani, wakaita roho ya marehemu na kuiuliza ni nani aliyemwua. Tumezoea kuambiwa kwamba ramli ni mambo ya watu wa shamba wasiosoma. Kumbe yapatikana hata katika hoteli nzuri za pwani ya Uingereza! Juri ya pili, isiyouliza roho yo yote, ilimwona mshitakiwa ana hatia vile vile. Siku hizi ramli ya watu ni simu iliyo mfukoni. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu aliyekuwa mtu wa juri alitafuta katika intaneti habari za zamani za mshitakiwa, akawaambia wenziwe. Kesi ikavunjika, naye mwaka 2012 akafungwa miezi 6. Tangu sheria ya mwaka 2015 jambo hilo ni kosa la jinai, na kifungo chake chaweza kufika miaka 2. Aliye kizimbani ana haki ya kusikia kila neno lisemwalo juu yake na kulijibu. Lile lililosomwa usiku kitandani hawezi kulijibu, kwa kuwa hajui kwamba limesemwa.

Basi uamuzi ukipatikana hurudi wote mahakamani. Karani huuliza, msemaji husimama na kujibu kwa neno moja au maneno mawili. Hakuna kueleza sababu. Jaji huandika kurasa nyingi za sababu, lakini juri haitoi hata moja, wala haitaulizwa. Tena yale yaliyosemwa ndani ya chumba chao ni siri kwa maisha yao yote; kuyatoa ni kosa. Watu hawalifikirii neno hili mpaka wamerudi nyumbani. Mume aliyekaa wiki mbili akisikiliza jinsi mtoto alivyouawa hawezi kumwambia mkewe ni nani chumbani aliyelia, ni nani aliyebadili neno lake jioni ya mwisho, na kwa nini. Aweza kusema yale yaliyosemwa mahakamani mbele ya watu wote, basi. Katika kesi nzito sana jaji huweza kuwaambia kwamba hawataitwa tena kwa miaka mingi, na hiyo ni heshima, tena ni huruma. Kamba ya mnyongaji haimo tena huko, kwa kuwa adhabu ya kifo kwa kosa la kuua ilisimamishwa mwaka 1965 na kufutwa mwaka 1969. Lakini kumpeleka mtu kifungoni maisha, au kumwachilia mtu ambaye mama wa marehemu alikuwa akimtazama kila siku, si jambo la kulala nalo vizuri.

Kwa ndugu atakayepata barua, mambo ya kufanya ni haya. Aijibu kwa muda wa siku 7. Asiinyamazie, kwa maana asiyefika bila sababu aweza kutozwa faini hata pauni 1,000. Akiwa na mtihani, ugonjwa, au safari iliyokwisha kulipiwa, aombe siku zake zisogezwe. Huruhusiwa mara moja. Mwajiri yampasa kumpa ruhusa. Kama Kiingereza chake hakitoshi kufuata maneno ya mashahidi, aseme kweli wala asione haya, kwa kuwa jaji ana uwezo wa kumwachilia, na ni afadhali kuachiliwa kuliko kuamua jambo ambalo nusu yake hukulisikia. Kwa kawaida kazi ni ya siku 10 za kazi, ingawa kesi nyingine hupita hapo. Mshahara wa juri hakuna, lakini nauli, chakula na sehemu ya mapato yaliyopotea hulipwa kwa kiasi kilichowekwa, hivyo atunze risiti zake, na amwambie mtumishi wa mahakama mapema ni kitabu gani atakachoapia.